Mwimbaji Wetu na Kanda ya Baba

Kosa lililokaribia kuiua albamu yetu nililifanya mimi, tena kwa bidii. Nalisema mapema kwa sababu nimeshaisimulia habari hii mara nyingi nikijificha nyuma ya neno "tulikosea". Hatukukosea. Nilikosea.

Bendi yenyewe ilikuwa kongwe. Ilikuwa ya shirika moja la umma pale Lindi, na wapigaji wake walikuwa makarani, madereva na walinzi wa shirika hilohilo siku za kazi, wanamuziki Jumamosi. Shirika lilipovunjwa, vyombo vilifungiwa ghalani pamoja na magunia matupu ya korosho, na watu wakatawanyika. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto. Bendi niliyoijua ni ile ya kwenye kaseti moja ya baba aliyoirekodi redioni: nyimbo nne upande mmoja, na upande wa pili mawaidha ya Ramadhani.

Gitaa nilijifunza kwa kaseti hiyo. Sikuwa na mwalimu. Gitaa la kwanza nililichonga kwa mbao za sanduku, nyuzi zikawa waya za breki za baiskeli. Baadaye zikaja enzi za ruksa, maduka ya Lindi yakajaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, nami nikapata gitaa la kweli la mtumba na redio kaseti mpya yenye betri mpya. Nilikaa chumbani na kanda ya baba karibu miaka miwili. Nilikuwa nasikiliza kipande kimoja, narudisha nyuma, nasikiliza tena, mpaka siku moja mama akaniuliza dirishani, "Huo wimbo una mwisho, au wewe ndiye unayeukatalia?"

Ndivyo nilivyo. Kitu kikiwa karibu sawa hakinipi amani, bora kiwe kibovu kabisa nijue moja. Nilikaza nyuzi mpaka gitaa langu likalingana na la kwenye kanda bila tofauti hata ya unywele. Nyuzi zilikatika kila wiki. Nikawalaumu wenye maduka.

Mpiga ngoma wa bendi ile ndiye aliyeanzisha habari ya kurudi. Alikuwa sasa anauza mitumba sokoni, na safari moja alipokwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo alisikia kwamba kuna watu binafsi wamefungua studio, hata bendi isiyo na shirika inaweza kurekodi kanda yake na kuiuza. Alirudi na habari hiyo kama aliyeona mwezi wa Idi. Vyombo vikatolewa ghalani. Panya walikuwa wamezila spika mbili, na ngoma kubwa ilikuwa na kiota cha kuku. Mpiga gitaa la solo alikuwa ameshafariki, basi mpiga ngoma akaja nyumbani kwetu.

"Tumesikia unapiga kama marehemu," alisema.

Nilimwambia nitafikiria. Uongo. Alipogeuka tu niliingia ndani nikakumbatia mto wa kitanda.

Tulifanya mazoezi masika yote, barabara ya Dar ikiwa imekatika na hakuna wa kwenda popote. Wazee wale walikuwa hawajagusa vyombo kwa miaka kumi hivi. Nyimbo zao wenyewe walikuwa wamezisahau nusu, na nakala pekee iliyobaki ilikuwa ile ya baba. Wakawa wanakaa kwenye mabenchi kuizunguka redio yangu kama watoto wa chuoni, mimi nikiwa mwalimu. Gitaa la besi na la pili yakafungwa nyuzi kufuata langu. Mpiga ngoma alilalamika siku ya kwanza tu. "Jamani, kumbe tulikuwa tunakwenda mbio hivi?" Mpiga besi akamjibu, "Ulikuwa kijana, bwana. Sasa tumbo ndilo linalokuchelewesha." Tukacheka, tukaendelea.

Aliyeteseka alikuwa mwimbaji. Huyu alitoka Kiranjeranje, na kwa ajili ya mazoezi alikuwa amefikia kwa dada yake mjini. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuvua viatu kabla ya kuimba na kuvipanga ukutani kama anaingia msikitini. Sauti yake niliijua kabla sijajua kusoma. Lakini kila tulipofika kwenye kiitikio, pale panapopanda, sauti ilimkatika. Alijaribu tena, ikamkatika tena. Akaanza kuja na chupa ya tangawizi na asali. Akaacha kahawa. Mishipa ya shingo ilimsimama, na akimaliza alikuwa akitazama sakafu.

Mimi nilivumilia wiki sita, kama kweli naweza kuuita uvumilivu. Nilikuwa narudi nyumbani na kusikiliza kanda, kisha nasema moyoni: yule na huyu si mtu mmoja. Siku ya mwisho, bendi nzima ikiwa imekaa, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa natembea njiani, nasimama.

"Mzee, sauti hii haitufai kwenye kanda. Inatuharibia kazi."

Yeye alivaa viatu, cha kulia kisha cha kushoto.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ya kwenda yamekwenda." Kesho yake barabara ilikuwa imefunguka, akapanda gari kurudi Kiranjeranje kwenye ufuta wake.

Tukamweka kijana mmoja aliyekuwa akiimba harusini, mwenye maneno yote ya Dar ingawa Dar alikuwa amefika mara moja. Alipanda kiitikio bila shida. Ilipendeza. Nilitakiwa nifurahi.

Wa mwisho kurudi kwenye bendi alikuwa mpiga saksafoni, mzee wa Kimwera aliyekuwa akilima huko Rondo. Alikuwa amesema hatoki mpaka avune mahindi, akavuna, akashuka na saksafoni yake imefungwa kwenye kanga mbili za mkewe. Miaka yote hiyo hakuiuza. Wimbo ukaanza, akaingia mahali pake, na sote tukakunja nyuso. Ilikuwa kama watu wawili wanaimba nyimbo mbili.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nilikuwa bado sijamwamkia vizuri.

"Marahaba."

"Samahani, chombo chako kimeshuka. Miaka mingi."

"Kimeshuka kwenda wapi?" Akakitazama juu na chini. "Hii ni shaba, mjukuu wangu. Si papai kwamba litalegea."

Tulibishana siku mbili. Yeye alisema vidole vyake vinajua wimbo unapoanzia, mimi nikasema kanda haisemi uongo. Siku ya tatu, wenzetu wakiwa hawajafika, akaniambia niiweke hiyo kanda aisikie. Alisikiliza kwa heshima mpaka katikati ya wimbo, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu anayepuliza ni mimi? Mbona nakimbia kama nimefukuzwa na nyuki! Na mwimbaji huyo mbona ana sauti ya kigoli? Nani alirekodi hii?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa barazani akichambua mbaazi. Nikamuuliza siku aliyorekodi ile kanda ilikuwaje.

"Ah, siku ile!" Akafurahi kukumbuka. "Ilikuwa wakati wa shida, betri hazipatikani kwa dawa. Zangu nilikuwa nimezianika juu ya bati siku nzima zipate nguvu kidogo. Zilitosha tu. Kaseti ilikuwa inazunguka polepole, namwomba Mungu isisimame."

Fundi yeyote wa redio angenielewesha kwa dakika moja. Kilichorekodiwa kwa betri zilizochoka, mashine ikizunguka polepole, kikipigwa kwenye mashine yenye betri mpya kinakwenda mbio na sauti zote zinapanda. Nilikuwa nimeifundisha bendi nzima nyimbo zake yenyewe, juu ya pale zilipozaliwa. Na yule mzee nilimfukuza kwa kushindwa kupanda mahali ambapo hajawahi kufika hata ujanani.

Sasa niseme lililo baya zaidi. Nilinyamaza. Nililegeza nyuzi, nikawaambia wenzangu kwamba tushuke tumfuate mzee wa saksafoni kwa sababu chombo chake hakigeuziki, na wakanisifu kwa adabu. Kijana wetu aliimba huko chini vizuri vilevile. Siku ya studio ilikuwa imeshapangwa. Ningeweza kuacha mambo yaende, nami nilikuwa nayaacha yaende, siku moja, mbili, tatu. Ni mzee wa saksafoni pekee aliyeijua siri ya kanda ile, na yeye alikuwa mtani wa mwimbaji tangu ujana wao.

Siku ya nne akaniita pembeni. "Utakwenda Kiranjeranje mwenyewe, au nikakusemee? Mimi nikisema nitatia chumvi. Unajua utani wetu. Hadithi hiyo watakuja kuisimulia hata kwenye matanga yako."

Nikaenda.

Nilimkuta shambani na mkewe, wamesimamisha matita ya ufuta uliokauka, wakiyapindua moja moja juu ya turubai na kuyapiga kwa fimbo mbegu zidondoke. Nikaamkia. Aliitikia, akanipa fimbo. Nilipiga matita matatu kabla sijapata ujasiri wa kufungua mdomo, kisha nikasema yote bila kupumua: betri, bati, nyuzi, siku tatu za kunyamaza.

Hakusimamisha kazi. Akapindua tita jingine, akalipiga, akalitupa kando.

"Kwa hiyo," akasema, "wiki sita dada yangu ananichemshia tangawizi bure?"

"Ndiyo, mzee."

"Mke wangu, umesikia? Wewe ulisema ni uzee."

"Nilisema ni kuvuta sana sigara," mkewe akajibu bila kuinua uso.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutabasamu. Akanigeukia. "Usicheke bado. Ulinivunja mbele ya watu. Utaniunga mbele ya watu walewale, kwa mdomo wako. Hapa shambani ananisikia mke wangu tu, na yeye hakunidharau."

Nikakubali. Kisha, bila chombo, fimbo mkononi, akaimba kile kiitikio. Alikianza chini kuliko hata saksafoni ilivyotaka. Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo kidogo pembeni, lakini ilisimama. Mkewe aliacha kazi akamtazama. Nami nikiwa na mavumbi ya ufuta mpaka puani, nilikisikia kile nilichokuwa nakitafuta chumbani miaka miwili.

"Hapa ndipo nilipo," akasema. "Kanda ilisema uongo, sawa. Lakini uzee nao upo, usinivishe ujana wote. Mwambie yule Mmwera ajifunze vidole upya."

Nilisema mbele ya bendi, nimesimama, kila kitu. Mpiga ngoma alirusha fimbo zake juu. "Nilisema! Nilisema tunakimbia, mkanitukana tumbo!" Yule kijana mwimbaji, ambaye ndiye niliyemwogopa zaidi kwa sababu ndiye aliyekuwa anapoteza, akakuna kichwa. "Freshi tu, braza. Mzee aimbe, mimi naitikia. Nani ataniamini nikisema nimeitikia kwa huyu?" Mzee wa saksafoni alinuna siku nzima, akimtukana mtani wake kwa Kimwera, kisha akakaa kwenye kona kufundisha vidole vyake.

Mwimbaji alipandia gari letu Kiranjeranje, na kikapu cha ufuta wa kumpa mwenye studio. Tulilala kwenye foleni ya pantoni Rufiji, tukafika Dar tumejaa vumbi. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Tulipiga wote kwa pamoja, mara moja. Ukikosea wewe, wote wanarudi mwanzo.

Kwenye wimbo wa tatu, kiitikio kikikaribia, nilikosea. Kidole kiliteleza, sauti moja chafu, na kabla sijafikiri mkono wangu wa kulia ulikuwa juu hewani kumwashiria fundi asimamishe mashine. Mwimbaji hakuniona. Alikuwa amefumba macho, peku, viatu vyake vimepangwa chini ya trei za mayai, na alikuwa tayari anapanda. Akapanda, akafika, akakaa pale.

Nilishusha mkono taratibu nikaendelea kupiga.

Kanda hiyo ikawa inauzwa Lindi, Kilwa, mpaka Mtwara. Ukiusikiliza wimbo wa tatu, utasikia kabla ya kiitikio gitaa la solo linapotea kidogo, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, na sauti ya mwimbaji inabaki na ngoma na besi tu. Watu huniuliza nilipata wapi wazo la kunyamaza pale.