Tumbili wa Morningside Aliyedharau Ufagio

Nimefukuza tumbili wengi hapa Durban, lakini huyu mmoja alinishinda tabia.

Mimi ni mpishi kwenye gesti moja ya Morningside. Asubuhi tumbili wanaingia dirishani kufuata mikate ya wageni. Ukipunga ufagio, wanatoka mbio.

Huyu hapana. Nilipunga mpaka bega likauma, yeye anakula ndizi taratibu.

Bosi akachoka. "Antoinette, mkate ukiibiwa tena, Ijumaa usije."

Eish. Nina watoto wawili, kazi ndiyo hiyo hiyo. Niliogopa kweli.

Nikampigia Mama Gloriose, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi.

"Dada, hapo hakuna mnyama," akasema. "Iko mtu amemtuma. Kesho tunakuja."

Wakaja sita, bosi akiwa ametoka. Wakaruka, wakapunga vitambaa, wakakemea kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi.

Tumbili akamenya ndizi ya pili.

Nusu saa, pumzi zikakata. Mama Gloriose akanong'ona, "Sasa tusimame kimya."

Tukasimama, hata kidole hakisogei.

Tumbili akainua kichwa. Akaona ghafla wanawake saba wamejaa jikoni. Akapiga ukelele, akaangusha birika, akaruka dirishani.

"Mmeona," akasema Mama Gloriose, jasho likimtoka. "Moto umemchoma."

Kugeuka, bosi yuko mlangoni na Eddy, daktari wa wanyama aliyemleta kumtega tumbili.

Eddy, aliyetuona toka nje tukiruka, akauliza, "Amekimbia mliporuka au mliposimama?"

"Tuliposimama."

Akacheka. Akasema tumbili yule alimtibu yeye mwenyewe, gari lilipomgonga kichwa. Sehemu ya ubongo inayoona mwendo imeharibika. Kilichotulia anakiona vizuri, kinachosogea hakioni. Na kelele za watu ameshazizoea.

"Kwa hiyo nikipunga ufagio?"

"Kwake wewe haupo."

Bosi akacheka na yeye.

Ijumaa nikaja kazini. Sasa kila asubuhi nasimama kando ya mkate, mikono kifuani, kimya. Tumbili akichungulia tu, anageuza. Juzi mgeni mmoja alinitundikia koti.

Mama Gloriose bado anatoa ushuhuda, na mimi sina moyo wa kumkatiza. Wiki hii ameitwa mtaa wa Isipingo kukemea panya.

Ndugu zangu, ukimfokea mtu na hashtuki, usiongeze fujo. Tulia kwanza. Huenda hajakuona.