Mwandiko Wangu wa Mikia

Akina mama wa Munyaka, nichekeni tu. Si ni mimi nilikataa kumpeleka binti yangu Chebet nasari, nikasema nitamfundisha mwenyewe jikoni? Sauti za herufi tulisoma kwenye kitabu cha kawaida, lakini kuandika nikamfundisha mwandiko wangu wa sekondari, ule wa kuunganisha, mikia kila mahali.

Juzi tukaenda intaviu ya darasa la kwanza, darasani wamejaa wazazi na watoto wao. Akasoma ubaoni bila kukwama, nami nikaringa. Kisha akaambiwa aandike sentensi moja.

Mwalimu aliigeuzageuza ile karatasi, akanipa. "Mama Chebet, hebu tusomee ndio nimpe nafasi."

Nikatoa macho. Sikuambulia hata neno.

"Mama," Chebet akasema, darasa zima likisikia, "si ni mwandiko wako?"