Jezi Zilizotangulia Filimbi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, mvua ya hapa Guangzhou inanyesha ile isiyojua kukatika, nami nimesimama kwenye karakana ya kuchapa nguo kule Liuhua, nyuma ya stesheni ya reli. Mama mwenye karakana, tuliyemwita laoban kama tunavyowaita wenye kazi wote hapa, alishika jezi ya buluu, akaonyesha kifua chake ambacho kilikuwa hakijaandikwa kitu. Akaniuliza kwa yale maneno machache tuliyoelewana: hao watu wako wameshashinda? Nikamjibu "mingtian", yaani kesho. Akacheka, akawasha mashine.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya karatasi uliyoniletea jana, yenye mchoro wa jezi. Usinune. Mimina chai, kaa, nisikilize mpaka mwisho. Una haraka, najua, na mimi nilikuwa nayo wakati ndevu hizi zilipokuwa nyeusi.

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani. Mama yangu alikuwa mtu wa safari za biashara, leo Lushoto kesho Mombasa, na aliyenilisha akiwa hayupo ni jirani yetu Bi Rukia. Sahani yake nimeila sana. Bi Rukia alikuwa na mtoto mmoja tu, Seif, niliyempita miaka kama kumi. Nimembeba mgongoni, nimemfundisha kupiga danadana, na siku ya kwanza kuvaa viatu vya mpira nilimfunga kamba mimi. Mtoto yule akakua, akawa beki wa kushoto, akatoka kwenda Ulaya, akahangaika huko kwenye timu ndogondogo, hatimaye akasajiliwa Uingereza, kwenye ligi yao ya pili, ile iliyo chini ya ligi kuu.

Wewe unaijua ligi ile, lakini niache niseme, maana wengi huiangalia kwa dharau. Timu ishirini na nne, mechi arobaini na sita. Wanacheza Jumamosi, wanacheza Jumanne, kwenye baridi na matope, hadi mtu anasahau nyumbani kwake kukoje. Timu mbili za juu zinapanda ligi kuu moja kwa moja. Ya tatu mpaka ya sita zinagombania nafasi moja iliyobaki. Msimu wake ni mrefu, na anayeongoza mwezi wa pili anaweza kulia mwezi wa tano.

Timu ya Seif ilikuwa ya mji mmoja wa viwanda vya zamani huko kaskazini. Msimu ule ilianza vibaya, ikajikongoja, kufika Krismasi ikawa ya tatu, mwezi wa pili ikawa ya pili. Mimi nilikuwa siambiliki! Kila nilipopita Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa, kuanzia kwenye mighahawa hadi kwenye ghorofa za mizigo, nilikuwa nahubiri Seif tu. Wakongo wa ghorofa ya tatu wakanibandika jina la "Président", wakinitania kwamba mimi ndiye rais wa timu, nami nikaitika kwa furaha. Ilipobaki mechi tatu, timu ilikuwa inahitaji pointi moja tu kupanda. Pointi moja katika mechi tatu! Hata mimi na goti langu hili ningeipata.

Kule Ngamiani mapokezi yalikuwa yanapangwa. Seif alikuwa hajarudi nyumbani mwaka wa nne. Alimwahidi mama yake kwamba akipanda ligi kuu atakuja mwezi wa sita, akae mwezi mzima, aoe. Na Bi Rukia alikuwa anahesabu siku kwa sababu yake mwenyewe: sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Alikwishaniambia kwenye simu kwamba jicho moja limeingia ukungu na la pili linafuata, na haombi kitu kingine kwa Mola ila amwone mwanawe angali anaona. Basi mimi, mtoto wake wa sahani, nikasema nitamfanyia jambo. Nitavalisha mtaa mzima.

Nikachapisha jezi, maboksi na maboksi. Kifuani nikaandika TUMEPANDA, herufi kubwa, na mgongoni jina la Seif na namba yake. Nikamsisitizia laoban atumie rangi iliyo bora kuliko zote alizonazo, isiyochuja wala kubanduka. Sikuwa na ujanja mwingine, mwanangu. Meli kutoka hapa ilichukua karibu mwezi, na bandarini nako kuna siku zake. Kontena letu la kuchangia lilikuwa linafungwa wiki ile. Ningengoja mechi ziishe, mapokezi yangepita na jezi zangu ziko kwenye maji.

Kontena lilikuwa la Mzee Makame. Alikuwa Mzanzibari, mtu wa Makunduchi, mwenye ofisi ya mizigo Sanyuanli, na sisi vijana wote tulipakia kwake. Alikuwa na desturi yake: hafungi kontena mpaka afungue boksi moja la kila mtu, achomoe kitu cha katikati, akiangalie. Siku ile akachomoa jezi yangu, akaikunjua, akaisoma.

"Abdu," akaniambia, "hiyo pointi iliyobaki, unayo mfukoni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia niyarudishe maboksi kwa laoban, nichapishe upya jezi zenye jina la mgongoni tu, zipande kontena la wiki tatu zijazo. Nikalalamika kwamba zitachelewa mapokezi. Akasema heri nguo ichelewe harusini kuliko iwahi msibani. Nikazidi kubisha, na nakiri kwamba sauti yangu ilipanda mbele ya mtu aliyenizidi umri. Ndipo akanikunjia jezi ile taratibu, akaniwekea mkononi.

"Andika jina lake tu. Jina la mtu halishuki daraja."

Mimi niliona mzee hajui mpira. Nikamwambia mzigo ni wangu. Akasema, "Kweli, wako," akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika alama yangu kwenye kila boksi, yakapakiwa. Wahenga wametuambia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini kijana akiwa na kontena linalofungwa, wahenga nao huwaona wanamchelewesha.

Mechi ya kwanza wakafungwa. Ya pili wakafungwa. Ya tatu, ya mwisho wa msimu, ilichezwa kwao mchana, na huku kwetu ilianza baada ya Magharibi. Tuliitazama ofisini kwa Mzee Makame, kwenye kompyuta ambayo picha yake ilikuwa inakwamakwama. Sare ilikuwa inatosha. Zikiwa zimebaki dakika mbili, bila kwa bila, ukapigwa mpira mrefu upande wa Seif. Akawahi, akaurudisha kwa kichwa kwa kipa wake. Ukawa mfupi. Mshambuliaji akaupitia katikati yao, akafunga, na picha ikakwama palepale, Seif amepiga magoti. Baada ya wiki mbili wakatolewa na kwenye nusu fainali ya wale wanne, msimu ukaisha, hawakupanda.

Ukisikiliza mpaka hapo utasema kosa langu lilikuwa haraka. Ngoja. Haraka ni kosa la ujana na Mungu husamehe. Kosa lenyewe lilikuja baadaye, na nililifanya nikiwa nimetulia, tumbo limeshiba.

Asubuhi ya baada ya mechi ile Mzee Makame aliniita. Hakunisimanga. Aliniambia meli bado iko baharini, kwa hiyo ninazo wiki mbili tatu za kuwa muungwana: nimpigie shemeji yangu Hamisi, aliyekuwa akinipokelea mizigo Tanga, maboksi yale yafungiwe stoo yasiguswe. Nikaitikia ndiyo, mzee. Na nilikuwa nimenuia. Lakini mzigo ulipofika, Hamisi akapiga simu, stoo imejaa, jezi nzuri hizi, watu wanaziulizia, afanye nini? Nikafikiri kidogo tu. Nikaona uchungu wa mtaji wangu. Nikajiambia nguo ni nguo, mtu atalimia, atabebea mkaa, nani atasoma kifuani. Nikamwambia uza, hata kwa bei ya kutupa.

Seif hakutaka kuja mwaka ule. Aliona haya. Aliyemshawishi ni mama yake, alimwambia, "Njoo hivyohivyo ulivyo. Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa ligi." Akaja. Akashuka stendi ya Tanga, na mtu wa kwanza aliyemkimbilia kumpokea begi alikuwa mpagazi aliyevaa TUMEPANDA. Muuza kahawa TUMEPANDA. Wasukuma mikokoteni, mafundi baiskeli, watoto wenye jezi zinazowafika magotini, wote wana jina lake mgongoni. Wengine hawakuwa hata na nia mbaya, walinunua nguo rahisi. Lakini mji wetu unaujua kwa utani. Ilipofika jioni alikuwa hana jina jingine: "Tumepanda" anapita, "Tumepanda" kanunua sigara. Ijumaa hakwenda msikitini. Alilala siku mbili nyumbani kwa mama yake, ya tatu akaondoka na basi la alfajiri. Ule mwezi mzima wa ahadi ukaishia hapo, na ndoa nayo.

Bi Rukia alinipigia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama palepale Xiaobei, chini ya daraja la waenda kwa miguu, watu wananipita na mizigo yao. Akanisalimu vizuri, akaniuliza afya. Kisha akasema:

"Abdu mwanangu, zile nguo ulizishona wewe?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Umeshona vizuri," akasema. "Nimeifua moja mara tatu, maneno hayatoki."

Akaniombea riziki njema, akakata simu. Angenitukana ningepona mapema, mwanangu. Nimetukanwa na watu wengi katika biashara hii na wote nimewasahau, ila dua ile ya Bi Rukia ninayo mpaka kesho.

Na rangi ile kweli haikuchuja. Nilikwenda Tanga miaka saba baadaye, nikaikuta inapakua saruji. Seif hakurudi muda wote huo. Alikuwa akituma matumizi, anapiga simu, lakini mguu wake haukukanyaga Ngamiani. Alipokuja, macho ya Bi Rukia yalikuwa yameshafunga yote mawili. Wananiambia alimjua kwa kumpapasa uso, akaanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni, akasema umekonda. Mwaka uliofuata akafariki, Mungu amrehemu. Zile siku mbili za mwezi wa sita ndizo alizomwona mwanawe kwa mara ya mwisho kwa macho yake, na alimwona akiwa amejifungia ndani.

Juzijuzi hapa, miaka michache nyuma, mlango wa ofisi yangu uligongwa, akaingia mtu mzima mwenye kipara na begi. Seif. Alikuwa ameacha kucheza zamani, anafundisha watoto mpira, amekuja kuwatafutia jezi. Guangzhou ina mawakala wengi kuliko chungu wa sukari, na yeye alikuja kwangu. Nilishindwa hata kumkaribisha kiti. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama alikusamehe siku ileile," akasema. "Mimi bado najifunza."

Kisha akanitolea orodha ya watoto wake. Nikamuuliza kifuani niandike nini. Akasema kifuani pasiandikwe kitu, mgongoni majina yao. Mzee Makame alikuwa ameshalala kaburini kwao Makunduchi, nami nikajiona nipo tena mbele yake na jezi imekunjwa mkononi mwangu.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako. Najua kijana wetu mwingine yuko kwenye ligi ileile, najua timu yake ni ya pili, najua zimebaki mechi chache na kontena linafungwa Alhamisi. Nimeyaona maneno uliyochora kifuani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa, lakini mimi guu langu lilibaki zima. Aliyevunjika ni mtu mwingine, na mama yake. Nilipokuwa na umri wako methali ile haikunitisha, maana inataja guu la mkaidi tu; wewe nataka ikutishe kwa guu la mwenzio.

Nasaha yangu ni hii. Furaha ya mtu usiitangulie, ingoje ifike, hata kama itakukuta mikono mitupu. Na ukishakosea kwa haraka, usikimbilie kuokoa mali kabla hujaokoa uso wa mwenzio, maana mali ina msimu mwingine, na macho ya mama hayana. Kama ni lazima uandike, andika jina alilopewa na wazazi wake. Akipanda litamfaa, asipopanda litamfaa vilevile. Na ukiambiwa na mtu mzima urudishe boksi, rudisha, utamuuliza sababu njiani.

Simu hiyo hapo mezani. Mpigie laoban wako azime mashine, kisha tutanywa chai ya pili.

Mola akupe subira ya kungoja filimbi ya mwisho, akuhifadhie wazazi wako na macho yao, na asikujaalie kamwe kushona nguo itakayodumu kuliko furaha ya mwenye jina. Amina.