Rafu ya Mninga Juu ya Meko

Sitaki kujitetea. Wazo la kukarabati meko lilikuwa langu, tena nililishupalia.

Nyumba yetu ya Kasense aliijenga baba, fundi mwashi. Baridi ya huku inang'ata, hasa Juni, kwa hiyo sebuleni alijenga meko ya ukutani yenye dohani, kama alivyoyaona kwenye nyumba za mapadri, akayapiga plasta. Baba akafariki, plasta ikapasuka, ikawa nyeusi tii. Kwenye misumari juu yake mama alitundika mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yafukizwe na moshi uliokuwa ukivuja. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mwaka aliipanda, akachagua mahindi mazuri, akatundika tena. Majirani waliopungukiwa walikuja kwake.

Mimi niliona masizi tu. Nilikuja likizo, nikaita fundi. Akabandua plasta ya zamani kwa nyundo na patasi, akapiga mpya, akapaka rangi nyeupe, kisha akafunga rafu ya mninga ya kuwekea picha. Mama alisimama mlangoni amekumbatia mahindi yake.

"Haya nitayaweka wapi?"

"Stoo, Mama, kwenye gunia. Nitayatia dawa."

"Yamezoea moshi haya."

"Jamani, Mama! Mambo ya moshi yamepitwa na wakati."

Akayakumbatia zaidi. Nilijua ameumia. Nikajifanya napanga picha.

Dawa sikununua. Leo, kesho, keshokutwa, mwisho likizo ikaisha, nikarudi kazini Mbeya. Gunia nililifunga kwa mkono wangu, na mama hakuligusa kwa sababu aliniamini.

Mvua za kwanza zilinikuta nimerudi nyumbani. Asubuhi jirani akaja na bakuli lake, kama kila mwaka.

"Hongereni, meko yamependeza kweli!"

Mama akanituma nikalete gunia. Nilipolinyanyua lilikuwa jepesi. Nikalifungua mbele yao. Unga ukamwagika sakafuni, fukusi wakatawanyika.

Mama akaokota hindi moja, akalibonyeza, likabomoka. Akamgeukia jirani.

"Mwaka huu sina."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Jirani akatazama bakuli lake, akaaga.

"Ulitia dawa?" mama akaniuliza.

"Sikutia, Mama. Nisamehe."

Heri angenitukana. Alikaa chini, akachambua hadi mchana. Alipata kiganja kimoja cha punje nzima, akazipanda nyuma ya jiko. Nyingi hazikuota.

Msimu wa mavuno niliomba ruhusa kazini nikaja. Niliondoa picha zote, nikapigilia misumari kwenye ile rafu, kumi na miwili, kama ilivyokuwa kwenye plasta ya baba. Fundi angeniona angenicheka. Mama akaleta mahindi yaliyofaa kwa mbegu. Yalikuwa manne. Tukayatundika mawili mawili, misumari kumi ikabaki mitupu. Niliona aibu hata kuitazama, nikachukua nyundo niing'oe.

Mama akanishika mkono.

"Iache," akasema. "Hiyo utaijaza wewe. Mimi sitaiwahi."