Matanga Yangu Nikiwa Hai

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu: siku niliyorudi kwangu Kimamba nikakuta watu wamekaa matanga yangu mimi mwenyewe. Usicheke kwanza. Nitakueleza taratibu, maana siku hizi nikiongea haraka pumzi inaniishia.

Nimesikia umefungua biashara. Nimesikia pia kwamba unalala humo humo dukani, na chakula unakula umesimama. Ndiyo maana nimekuita. Sikugombezi, wala nguvu za kugombeza mtu sina tena. Kaa tu hapo unisikilize.

Nyie hamkuikuta miaka ya foleni. Unga wa ngano ulionekana kwa bahati, na mkate tulimnunulia mgonjwa. Kisha ikatoka ruhusa, watu wakaachiwa kununua na kuuza, na magunia ya unga yakaanza kushushwa stesheni bila mtu kuyagombania. Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, nina binti mmoja mdogo, Zuhura, na baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge lililokuwa likifa polepole. Huyo mume wangu akanijengea tanuru la udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba. Nikaanza kuoka mikate.

Ikakubali. Watu wa Kimamba waliifuata ikiwa bado ya moto. Ningetosheka hapo, leo nisingekuwa na mgongo huu. Lakini sisi wa miaka ile tulikuwa na ugonjwa wetu: hatukuamini kwamba ruhusa itadumu. Tulidhani kesho wataamka watufungie tena, basi kila mtu akawa anauza kama anayekimbizwa. Mimi nikapeleka mikate Kilosa mjini. Kisha nikasikia kwamba Mikumi, pale barabara kuu, madereva wa malori ya kwenda Zambia wakiamka wanataka chai na mkate. Nikapeleka na Mikumi, kwa mwenye hoteli mmoja.

Sikiliza maisha yenyewe. Jioni nakanda, alfajiri naoka, kukicha nadandia lori na matenga yangu, natikiswa njia nzima ya kijijini Ulaya mpaka Mikumi, nauza, narudi nimejaa vumbi, nakanda tena. Nilikuwa nasinzia nimesimama. Mikono ikaanza kufa ganzi, kikombe cha chai kinanidondoka hivi hivi nakitazama. Mume wangu akisema nipunguze, namjibu nitapumzika mambo yakikaa sawa. Mwanangu, nina uzee huu wote na bado nayangoja hayo mambo yakae sawa.

Na misiba je? Unajua desturi yetu. Mtu akifiwa, wanawake wanakwenda kukaa naye, wanatwanga, wanapika, wanalala naye kwenye mkeka. Mimi nikawa natuma mikate. Kapu linakwenda msibani, mwenyewe nakwenda Mikumi. Watu wakila wakishukuru, naona nimemaliza.

Mpaka akafa mume wa Bibi Kabula. Huyu bibi alikuwa Mnyamwezi, jirani yangu, aliyekuja zamani na mumewe kukata mkonge wakabaki hapo. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Vijana mnadhani utani ni kutupiana maneno tu. Mtani ana kazi msibani. Ndiye anayemchekesha mfiwa ili asizame na marehemu, na ndiye mwenye ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu hawathubutu. Bibi Kabula alinitazamia mimi. Nikamtumia mikate.

Akaacha huzuni yake ipoe. Kisha siku hiyo ninayokuambia, natoka Mikumi mchana na matenga matupu, nikasikia vilio vinatoka uani kwangu. Nikajua ni Zuhura, au ni baba yake. Nikayatupa matenga njiani nikakimbia mpaka kandambili zikanivuka.

Nikakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka karibu na tanuru, kanga viunoni, na Bibi Kabula yuko katikati analia kwa kulitaja jina langu. Wanaume pembeni, na mume wangu yumo, kainamisha kichwa. Kumbe alikuwa anajua. Nikauliza nani amekufa, wakazidi kulia. Nikamwinamia Bibi Kabula, nikamwambia shikamoo. Mama huyu hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ipite bila marahaba. Siku hiyo akawageukia wenzake akasema, "Maiti haiamkii watu. Endeleeni kulia."

Hapo ndipo nikaelewa. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa aibu. Bibi Kabula akajifuta macho akaanza kutoa wasifu wangu. "Marehemu alikuwa na mikate mizuri," akasema. "Haya, nani ana lingine la kumsemea?"

Wakatazamana. Mmoja akafungua kinywa, akakifunga. Niliwaona wakitafuta kweli kweli, mwanangu, watu wa mtaa wangu, wananitafutia neno moja na hawalipati. Kicheko kikaisha chenyewe. Katika kile kimya Zuhura, aliyekuwa miguuni pa jirani yetu Mama Subira, ambaye ndiye aliyeshinda naye nikiwa safarini, akaanza kulia kilio cha kweli. Nikanyoosha mikono aje kwangu. Akajificha kwenye kanga ya Mama Subira.

Nimezaa, naujua uchungu. Lakini ule ulikuwa mwingine.

Nilitaka kukasirika, ila mtani hakasirikiwi. Bibi Kabula akainuka, akalichukua karai langu kubwa la kukandia unga, akajitwika. Mtani akikuchukulia kitu humnyang'anyi, unakikomboa. Bila lile karai hakuna mkate. Nikamfuata mpaka mlangoni kwake nikimwuliza anataka nini.

"Ulinitumia mikate," akasema. "Sasa nataka mtu."

Nikamwambia Mikumi wananingoja kesho. Akanijibu kwamba Mikumi hawajafiwa.

Basi kulipokucha nikaenda kukaa kwake. Mara ya kwanza nilipogusa mkeka nililala asubuhi hiyo mpaka jua likageuka, na yeye mfiwa ndiye aliyekuwa akinifukuzia nzi. Nilipoamka akanisimulia habari za mumewe, nami nikamtania kidogo, akacheka, akalia, akacheka tena. Kila lori lililopita lilinichoma. Nilikuwa naona biashara yangu inaondoka nalo. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Mikono ikaacha kufa ganzi. Zuhura akawa anakuja na baba yake, anakaa mwisho wa mkeka kama mgeni. Ikachukua muda. Siku aliyokuja kuniegemea mgongoni, sikusogea hata mguu uliponifa ganzi.

Karai nililikomboa. Mikumi sikuikomboa. Mwenye hoteli niliyekuwa nikimpelekea alishapata mikate ya kutoka Morogoro, na wala sikuwahi kuirudisha ile nafasi. Iliniuma, sitakudanganya, nililia kama nimeibiwa. Kilosa nikamwachia Mama Subira, nikamfundisha kukanda na kupima hamira, akaenda na njia yake. Mimi nikabaki na Kimamba. Ijumaa tanuru halikuwashwa, na mtaani kukiwa na msiba halikuwashwa. Wateja walinuna mwanzoni, kisha wakazoea kununua Alhamisi. Tanuru hilo dogo likatulisha miaka mingi, hata mkonge ulipokufa kabisa na mume wangu akakosa kibarua. Nilibaki na mgongo huu unaouona. Nguvu nilizozitumia vibaya ujanani mwili haukunirudishia.

Sasa nisikie, maana nimechoka na nitasema mara moja. Biashara yako iwe ya ukubwa unaoweza kuibeba mwaka huu na mwaka kesho na bado ukaweza kucheka na watu wa nyumbani. Chagua mwenyewe siku ya kufunga, kabla mwili haujakuchagulia. Mtu mwingine ajue kazi yako, ili ukiugua isife. Kubali kuiacha faida ambayo itakumaliza, na ujue kwamba itauma. Na mahali panapotaka mtu, usitume kitu. Nenda.

Mungu akupe wateja wa kukutosha, asikupe wa kukuua. Akupe usingizi wa kitandani na mikono isiyotetemeka uzeeni. Na siku watakapokaa matanga yako ya kweli, baada ya miaka mingi sana, watu wawe na mengi ya kukusemea mpaka wakatizane maneno. Amin. Haya, nisaidie kuinuka, nikajinyooshe ndani.