Nilimsingizia Anti Anayeniita Baba, na Ushahidi Uko Kwa Laptopu Yangu

Admin, ficha jina langu kabisa, maana huku kwetu ukitaja jina moja wanaitika watu watano.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nimepanga chumba Majengo hapa Meru, na kazi yangu ni fundi wa netiweki. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kutoka Mikinduri mpaka Runyenjes hakuna waya umewahi kunishinda. Wenye digrii wakikwama wananipigia mimi. Sijisifu, nawaeleza tu vile kulivyo.

Kuna kidude natembea nacho, kinatoshea kiganjani. Netiweki ikisumbua, unachomoa waya, unakiweka hapo katikati, na kila kitu kinachopita kinanakiliwa kwa laptopu yangu. Hakizuii kitu, hakisemi kitu, kinasikiliza tu. Kama mdomo wangu ungekuwa na tabia ya hicho kidude, leo singekuwa hapa nikiwaandikia.

Nyumbani ni upande wa Embu, karibu na Runyenjes. Nilipewa jina la babu, baba yake mama. Kwa hiyo dada mdogo wa mama, ambaye mimi namwita anti, ananiita Baba tangu nizaliwe. Nikiwa mdogo nikilia, anasema, "Nyamazeni, Baba amekasirika," na nyumba yote inatulia. Nilipoacha shule watu walisema nimeharibika. Yeye alininunulia koleo yangu ya kwanza ya kubana waya, akaniambia, "Hata Baba hakusoma, na alijenga."

Anti alikuwa karani wa chama cha wakulima wa maziwa. Wakulima wanaleta maziwa na boda boda, mizani inapima, halafu inatuma kilo kwa kompyuta ya rekodi. Waya zote za pale nilifunga mimi. Mwaka huu niliwawekea printa mpya, na hata mwezi haukuisha mizani ikaanza kugoma. Alfajiri inafanya kazi vizuri, ikifika saa mbili inakataa kutuma. Foleni inafika barabarani, jua linapiga mitungi, wakulima wanatukana. Meneja akaniita.

Nilifika na miwani yangu nyeusi. Kidude kilikuwa kwa mkoba na sikukitoa. Nilitaka waone kwamba mtu kama mimi ananusa shida tu.

Nikamuuliza meneja, "Inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, kila siku."

"Na nani huingia saa mbili?"

"Karani."

Anti alikuwa nje akituliza wakulima. Kompyuta yake ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa kutoka kwa intaneti. Nikacheka, nikasema kwa sauti, "Si ni huyu mama na kwaya yake! Kwaya nzima imekalia waya, kilo zitapitia wapi?"

Ofisi ikaangua kicheko, nami nikajiona simba. Sikusema huyo ni anti yangu, eti fundi mkubwa hana ndugu kazini. Haki ya Mungu nilidhani ataambiwa tu azime nyimbo, mimi nirudi siku nyingine nitafute shida vizuri. Lakini meneja hakuwa amecheka. Wiki hiyo hiyo anti akapewa barua ya kuachishwa kazi. Miaka kumi na tisa ya kazi, akatoka na kikombe chake na sweta.

Akaja karani mpya, hasikilizi hata redio. Ikafika saa mbili, mizani ikagoma vilevile.

Hapo ndipo nilikitoa kidude. Nikakiweka kwa waya wa mizani, nikakaa kusoma. Kwa netiweki kila mashine ina namba yake ya kuitikia. Mizani ilikuwa inauliza, "Namba hamsini ni nani?" Kompyuta ya rekodi inajibu, "Ni mimi." Halafu printa nayo inajibu, "Ni mimi." Vitu viwili vinaitika jina moja, na kilo za watu zinaenda kwa printa zinapotea. Hiyo hamsini ya printa niliiandika mimi, na vidole hivi, bila kuangalia kama ina mwenyewe. Mimi, mtu aliyebeba jina la mtu mwingine maisha yake yote!

Karani akifika saa mbili, kitu cha kwanza ni kuwasha printa. Anti alikuwa anawasha printa tu, jamani.

Nilibadilisha namba, dakika mbili, foleni ikaisha. Meneja akanishika mkono: "Fundi, wewe ni moto. Ulianza kwa kumtoa yule mama, sasa umemaliza." Nikasema, "Eeh." Hilo neno moja ndilo linanila mpaka leo. Yale mazungumzo ya printa na kompyuta bado yako kwa laptopu, sijayafuta na siyafungui.

Jumapili nilienda kwake. Akaniwekea chai na nduma, akakaa karibu nami. Amekonda.

"Baba, kuna mtu alinisema pale ofisini," akaniambia. "Sijui nilimkosea nini. Hata kanisani wananiangalia kama niliiba maziwa."

Akanishika goti. "Si uko na kile kidude kinasikia kila kitu? Hebu kiweke pale, Baba, kituambie ni nani."

Nilisema chai ni moto, nikatoka nje.

Ndugu zangu wa hii peji, nimezoea kuchekesha watu lakini leo sina. Nikipeleka ule ushahidi kwa meneja, jina langu la ufundi limekwisha kutoka Runyenjes mpaka Mikinduri, na labda anti hatarudishiwa kiti chake, kina mtu. Nikinyamaza, yeye ataendelea kumtafuta adui, na adui anakunywa chai yake. Naombeni akili zenu: nianzie kwa meneja ama kwa anti? Na nikishamwambia ni mimi, siku akiniita tena Baba, nitaitika na mdomo gani?