Mtaro Niliochimba Kuzunguka Hema la Kifahari

Admin, naomba unifichie jina. Wapendwa wa ukurasa huu, mimi ni mmoja wa wale wa kusoma visa vya wenzangu na kupita kimya, lakini leo yamenifika mwenyewe. Nina miaka hamsini na miwili, mjane, Mkongo wa upande wa Uvira. Naishi Granville hapa Sydney na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Nitamwita Neema. Si jina lake, ila lazima nimpe jina, maana kisa chote kiko hapo.

Mwezi wa kumi, ambao huku ni majira ya machipuko, Neema alinizawadia safari ya kitalii ya vijijini, ile ya kifahari ya kutembezwa na kuhudumiwa. Alisema, "Mama, umeogesha wazee wa watu miaka yote hii. Now let somebody look after you." Nilifurahi, sitadanganya. Nilisuka nywele, nikanunua viatu vya kutembelea. Wamama wa kanisani wakanitania eti sasa nimekuwa Mzungu kamili.

Tulikwenda wote wawili, tukapokelewa na mwongozaji, mama mmoja Mzungu wa makamo, mcheshi kweli. Alitutembeza shambani tukaona wanakondoo wachanga, tukaonjeshwa asali. Kisha akatupeleka tunakolala. Jamani, ni mahema! Mahema meupe yamepangwa mstari kwenye nyasi. Ndani kuna kitanda kikubwa kuliko chumba changu, zulia, beseni la kuogea, hata maua. Neema alirukaruka akipiga picha. Mimi nilisimama mlangoni, miguu haitaki kuingia. Harufu ile ya turubai lililopigwa na jua niliishi nayo miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Nilijikaza tu, nikanywa chai yao.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mvua ilianza. Neema alikuwa kwenye hema kubwa na wageni wengine wakifundishwa kutengeneza jibini. Mimi nilikuwa nimejilaza. Matone ya kwanza yalipopiga turubai, nikasikia mtoto anakohoa nyuma ya kitanda. Kikohozi kidogo, kikavu, kisha kimya. Nikachungulia, hakuna kitu. Niliporudi kukaa, kikaanza tena. Nakijua kikohozi kile.

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Nilitoka peku, nikachukua koleo dogo la kuzolea majivu pale nje, nikaanza kuchimba mtaro kuzunguka hema. Aliyeishi kambini ananielewa. Hema bila mtaro, mvua ikija maji yanaingia mpaka kwenye mkeka. Nilizichimbua zile nyasi zao nzuri, mvua inaninyeshea, nguo zote tope. Nilipoinua kichwa, wageni wamejazana wananiangalia, na mwongozaji ananiuliza kwa upole kama niko sawa, "You right, love?"

Neema akaja mbio. "Mama! What are you doing? Watu wanaangalia!"

"Niache nimalize," nikamwambia. "Maji yataingia, na Neema anakohoa humo ndani."

Akanishika uso kwa mikono miwili. "Mama, mimi ndiye Neema. I'm right here."

Ndugu zangu, kulikuwa na Neema mwingine. Ndiye mzaliwa wangu wa kwanza. Tulifika kambini kipindi cha mvua, nikiwa nimembeba mgongoni, tukapewa hema. Jembe lilikuwa moja kwa mstari mzima wa mahema, na zamu yetu ilikuwa kesho yake. Maji yakatangulia. Kifua kikambana mtoto, na wiki haikuisha. Wanaume ndio waliokwenda kumzika, mimi nikaambiwa nibaki hemani. Mwaka uliofuata nilijifungua msichana, na kama tunavyofanya kwetu, tukampa jina la aliyetangulia. Marehemu mume wangu akasema, "Amerudi. Yule tusimtaje tena, tutamtia huyu hofu." Nikatii. Huyu amekua akijua yeye ndiye kifungua mimba. Hata kanisani ameshasimama kutoa ushuhuda kwamba jina lake wazazi walilipata kwa maombi.

Mvua ilipokatika, mwongozaji alisema wafanyakazi watafukia. Nikakataa. Nilifukia mwenyewe kwa mikono, nikilia kwa sauti mbele za watu, kwa sababu mwanangu sikumfukia mimi. Neema alisimama pembeni akiniangalia kama mgonjwa.

Na ndivyo anavyoamini mpaka leo. Ameniwekea miadi kwa daktari. "It's just a memory test, Mama. Usiogope." Naogopa sana. Nawatunza wazee waliopoteza kumbukumbu, najua inavyoanza. Unanyang'anywa funguo za gari, unaachishwa kazi, kisha watu wanakuzungumzia ukiwa umekaa hapo hapo. Nikinyamaza, ndiko naelekea. Nikisema, nampokonya mwanangu nafasi aliyoishika maisha yake yote, na kumwambia kwamba jina lake lina kaburi, tena kaburi ambalo sijawahi kuliona. Wakati huo huo kikohozi kimenifuata mpaka Granville. Mvua ikinyesha nakisikia chumba cha pili.

Kesho asubuhi anakuja kunipeleka. Akifika huwa ananitania kwa kuniita kama wanavyoniita wamama wa kanisani, "Hodi, Mama Neema!" Hajui kwamba nilianza kuitwa hivyo kabla yeye hajazaliwa. Zamani nilikuwa naitika bila kufikiri. Tangu tutoke kwenye mahema yale, akibisha nasikia watoto wawili mlangoni, na mmoja anakohoa. Nishaurini jamani, kesho nikifungua mlango nimwambie nini?